Turubai Moja, Shughuli Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Shangazi Anastazia ameondoka asubuhi kwenda Vwawa kutolewa mtoto wa jicho. Atakaa huko kwa rafiki yake hadi Jumapili. Kabla hajapanda gari alinishika mkono mbele ya stoo akasema: Tuse mwanangu, kazi hii ya kukodisha viti nimeilea miaka kumi na minne. Nikirudi nisiposikia maneno mtaani, ufunguo wa stoo ni wako moja kwa moja. Nikisikia maneno, nampa Clement.

Clement! Ndugu yangu wa baba mdogo. Aliishia kidato cha pili. Anaendesha guta letu la kubebea viti huku akipiga mluzi, na anasalimia kila kiumbe mpaka mbuzi. Mimi nina shahada ya usimamizi wa biashara, na somo la vihatarishi nililipasua kuliko darasa zima. Hakuna mashindano hapo. Sijui kwa nini moyo unanidunda.

Nimeanza kazi papo hapo. Mali: turubai moja kubwa, bluu na nyeupe. Viti vya plastiki, mia na ishirini. Nimeviandika namba kwa rangi nyekundu, kimoja kimoja. Nimefungua Rejista ya Vihatarishi. Na. 1: wizi. Na. 2: upepo (huu wa Juni unang'oa mpaka mabati). Na. 3: Clement.

Oda ya wiki ni moja lakini nzito. Sendofu ya Brenda, anayeagwa kwenda kuolewa, Jumamosi. Mama yake ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hakuna shughuli upande wetu wa Tunduma isiyopitia mikononi mwake. Anataka turubai na viti Ijumaa ili wapambaji waanze. Akiridhika, shughuli zote za mwaka ni zetu. Asiporidhika, hata ufunguo hautakuwa na cha kufungua.

Saa kumi jioni. Nimetoka kuoga, stoo tupu! Nimepiga yowe la mwizi. Majirani wamekuja na mipini ya majembe. Kumbe Mzee Zabron wa nyumba ya tatu amefariki mchana, na Clement amehamishia kila kitu msibani bila kuandika hata herufi moja. Nikamuuliza idhini ametoa nani. Alinitazama kama nimeuliza nani kaliruhusu jua kuchwa. Akasema, Tuse, msibani turubai linatangulia, maneno yanafuata matanga yakishaanuliwa. Shangazi ndivyo anavyofanya.

Ndivyo anavyofanya! Miaka kumi na minne bila mkataba!

Nimetulia. Nimepanga siku. Kifo Jumatatu, mazishi Jumatano, matanga kuanuliwa Alhamisi. Ijumaa turubai liko huru. Kihatarishi kidogo. Nimekipaka rangi ya kijani.

Jumanne, 3 Juni

Nimetengeneza fomu. Ukurasa mmoja, lugha nyepesi. Jina la marehemu. Siku na saa msiba ulipoanza. Siku na saa msiba utakapokwisha. Sababu za kuchelewa, kama zipo. Sahihi.

Nimempelekea Bibi Gwantwa, dada wa marehemu, maana ndiye anayeamrisha kila mtu pale, kuanzia jikoni mpaka mchungaji. Ana miaka themanini na minne. Alikuwa ameacha miwani nyumbani, akamwomba mwanakwaya mmoja amsomee kwa sauti. Kwa sauti! Sauti ya nne ya kwaya, ile nzito! Kufika kwenye "msiba utakapokwisha," mjane aliacha kulia ili asikie vizuri.

Bibi Gwantwa alifikiri kidogo. Akasema: mjukuu wangu, kaka yangu amechukua miaka tisini na mmoja kumaliza shughuli yake, na sisi tutajitahidi. Kisha akaikunja fomu vizuri, akawashia kuni. Akanipa sinia la mchele nichambue.

Nimechambua mchele mpaka jioni. Vidole vimekauka. Lakini jikoni nimepata habari ambayo sebuleni nisingeipata. Mazishi hayako kesho! Yanamsubiri Makene, mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye lazima atupe udongo wa kwanza. Makene ni dereva wa lori. Ametoka Kongo na shaba, na yuko kwenye foleni ya malori Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka. Kutoka kaburini mpaka lilipo lori lake ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Hawezi kuliacha. Utingo wake amelazwa Ndola kwa malaria, na tajiri wa gari ameapa kwamba shaba ikiachwa bila mtu, kazi hana. Ndugu yeyote angeweza kumkalia gari, ila ndugu gani atakubali kukosa mazishi ya Mzee Zabron? Madereva wenzake nao kila mmoja ana lori lake. Kwa hiyo maiti inasubiri foleni.

Foleni yenyewe haijasogea tangu Jumapili.

Nimebadilisha rangi ya kihatarishi. Sasa ni njano.

Jumatano, 4 Juni

Uchambuzi. Anahitajika mtu mwaminifu, mwenye akili timamu, asiye ndugu wa marehemu. Nimepitia majina yote ya mtaani. Kisha nikajitazama kwenye kioo.

Nimevuka kwenda Nakonde. Nimemkuta Makene anasonga ugali kwenye jiko la mkaa katikati ya matairi. Jitu la miraba minne, macho yamevimba. Nilimweleza mpango: yeye akazike, mimi nikae na shaba. Alinishika mikono yote miwili. Ilibaki na unga.

Aliuliza kama najua kuendesha. Nikamwambia mchango wangu utakuwa upande wa usimamizi. Akasema haina shida, foleni hii haitembei. Tumekubaliana kesho aondoke saa nne, arudi saa tisa. Niliuliza saa tisa ya kwetu au ya Zambia, maana wao wako nyuma kwa saa moja, na simu yangu ilikuwa imeshajibadilisha yenyewe. Akasema ya kwetu. Marehemu ni wa kwetu.

Niliporudi, Clement alisikia mpango akakuna kichwa. Akauliza kwa nini nisiende tu kuongea na wafiwa, niwaambie kuna sendofu Jumamosi. Kuongea tu! Nimemweleza kwamba kuongea tu si mkakati. Akasema sawa msomi wetu, akaondoka na mluzi wake.

Alhamisi, 5 Juni

Saa nne na robo. Naandika nikiwa ndani ya lori. Ni juu sana. Makene ameondoka mbio, amevaa koti la suti la kuazima, mikono mifupi. Nyuma yangu yuko dereva anaitwa Nkwabi, Msukuma mwenye sauti ya kutikisa vioo. Ameniletea chai. Nimekataa. Kinywaji kutoka kwa mtu asiyethibitishwa.

Saa sita. Shaba ipo. Nimeshuka kuihakiki mara tatu. Najisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu mahafali.

Saa saba. Foleni inasogea!!! Siku nne imelala kama mfu, imefufuka leo, saa hii! Lori la mbele limeondoka. Mbele yangu kuna lami tupu inayotisha. Honi nyuma. Nkwabi amekuja dirishani: dada'angu, nipishe nikusogezee. Nalisogeza la kwako, narudi nalisogeza la kwangu, mwenzetu akienda kujisaidia ndivyo tunavyofanyiana. Nimemkatalia kwa upole lakini kwa uthabiti. Nimekabidhiwa mimi, si yeye. Nimefunga milango na vioo. Akaja askari wa Zambia na Kibemba chake cha heshima, ba mayo, tafadhali sogea mukwai. Nimemwambia kupitia kioo kwamba suala lake linashughulikiwa.

Saa saba na nusu. Nimepata wazo! Nimeshukia upande wa pili, nimevunja matawi ya mti kando ya barabara, nimeyatandaza mbele na nyuma ya lori. Matawi mengi, yanaonekana kwa mbali. Sasa kila dereva ajue nafasi hii ina mwenyewe.

Saa nane. Wananipita. Wote! Wananipungia mkono wa pole. Nkwabi naye amepita. Alipunguza mwendo akaniambia kutoka dirishani, kwa huruma iliyoniuma kuliko tusi, kwamba matawi barabarani kutoka Dar mpaka Lubumbashi yana maana moja tu: gari hili limekufa, piteni. Nimeyaondoa mbio mpaka nikachanika kiganja. Hakuna aliyenirudishia nafasi. Nimehesabu malori arobaini na moja. Baada ya hapo foleni ikasimama tena kama kawaida yake.

Makene alirudi saa tisa kamili, udongo kwenye viatu. Akatazama mbele. Hakuna namba ya gari hata moja aliyoitambua. Kisha akasema: asante, dada. Nimemzika baba yangu.

Heri angenitukana.

Ijumaa, 6 Juni

Janga lenye sura ya heshima. Wazee wa ukoo wamesimama asubuhi chini ya turubai wakanishukuru mbele ya watu wote. Binti wa watu, msomi, amekaa juani na shaba ya Wakongo ili mtoto amzike baba yake! Vigelegele. Nikainama kwa unyenyekevu. Hapo hapo wakatangaza kwamba matanga hayataanuliwa mpaka Makene avuke, maana amezika kama mgeni, hajakaa na wenzake hata usiku mmoja. Atavuka lini? Mzee mmoja akajibu, inategemea, kuna malori kama arobaini mbele yake.

Arobaini na moja. Nilikaa chini taratibu. Kiti Na. 77.

Rangi ya kihatarishi: nyekundu. Kalamu imekwisha wino.

Saa sita Mama Brenda alifika stoo na wapambaji wawili na robota la vitambaa vya zambarau. Nikamwambia turubai liko katika hatua za mwisho. Za nini, akauliza. Nikabadilisha mada. Nikamshawishi kwamba siku hizi mijini sendofu zinafanyika peupe, chini ya mbingu, watu wanapata hewa. Papo hapo upepo ukanyanyua kitambaa kimoja cha zambarau, ukakipitisha juu ya mabati, ukakipeleka Zambia. Sote tulikitazama mpaka kikapotea.

Akasema polepole: Tusekile mwanangu, mimi nimemzaa Brenda mmoja. Kesho saa nane nisipoona viti, nampigia shangazi yako mimi mwenyewe. Jicho limefungwa, lakini masikio anayo.

Kuongea na wafiwa sasa haiwezekani. Nitasimamaje mbele ya watu walionipigia vigelegele niwaambie nyanyukeni? Ikabidi nitumie njia ya kitaalamu: Mpango wa Kupunguza Viti Hatua kwa Hatua. Mwombolezaji akinyanyuka kwenda kunywa maji, mimi nachukua kiti. Kimya kimya. Nakiweka nyuma ya migomba.

Mpaka saa kumi nilikuwa na viti tisa. Lakini watu, walipoona wengine wamesimama, walidhani wamekuwa wengi. Habari zikasambaa kwamba msiba wa Mzee Zabron umefurika mpaka watu wanakosa pa kukaa. Heshima iliyoje! Saa kumi na moja likaja Fuso zima kutoka Hasamba, watu ambao hata hawakumjua vizuri, wakisema msiba kama huo si wa kusimuliwa.

Bibi Gwantwa alinikuta kwenye migomba na kiti Na. 14 kichwani. Nikasema naviosha. Akanibusu kwenye paji la uso. Akaniletea ndoo mbili za maji na viti vingine thelathini.

Maji ya Juni. Sihisi vidole.

Jumamosi, 7 Juni

Clement amelimaliza jambo zima kwa bakuli moja la uji. Naliandika hili kwa uchungu.

Asubuhi alikaa na wazee msibani, akanywa uji, na katikati ya uji akasema kwamba leo ni sendofu ya Brenda na turubai ni hili hili. Basi! Hayo tu! Bibi Gwantwa akaruka: siku zote hizo mnatuficha? Mtoto wa jirani anaagwa, sisi tumemkalia viti vyake! Kwani Zabron angekubali? Alikuwa wa kwanza kucheza kwenye kila harusi, mpaka mguu ukamkatalia. Mikeka ikatandikwa. Turubai likashushwa kabla uji haujapoa. Na kwa kuwa guta lingepiga safari nyingi, waombolezaji wakajitolea kubeba viti wenyewe, kichwani, kila mtu viwili.

Hapo ndipo nilipookoa biashara. Viti mia na ishirini vinataka kutembea mtaani bila kumbukumbu! Nikasimama getini na daftari. Kila mbebaji alitaja namba za viti vyake, akasaini chini ya maneno niliyoyatunga mwenyewe: "Viti hivi viko chini ya uangalizi wangu mpaka vitakaporudi stoo." Nikamsomea kila mmoja polepole, nikamtazama machoni. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Clement alipiga mluzi wa chini sana.

Watu wa mtaa huu wakisaini, wamesaini.

Saa nane wageni wa Mama Brenda walifika na kadi zao mkononi. Wakakuta chini ya turubai, katikati ya maua na vitambaa vya zambarau, waombolezaji sitini na kanga zao za msiba. Kila mmoja amekalia kiti kimoja na ameweka mkono juu ya cha pili. Mshereheshaji akawaomba wawapishe wageni. Wakajibu kwa adabu kwamba wangependa sana, ila wamesaini. Wakwe kutoka Ihanda walisimama juani na mbuzi wao na jamvi la zawadi. Chakula kikaanza kugawiwa kwa waliokaa. Wakwe walipofikiwa, ulibaki wali na mchuzi wa juu juu.

Nilijaribu kueleza kwamba mfumo umefanya kazi. Hakuna kiti hata kimoja kilichopotea! Mama Brenda alinitazama. Akatoa simu kwenye pochi.

Clement ndiye aliyepita kiti kwa kiti, akimgusa kila mmoja bega: mama, nimekupokea viti, una ruhusa, baba, nimekupokea. Wakanyanyuka wakacheka, wakaimba, wakamtunza Brenda, wakarudi mikekani kwao kuomboleza. Mkwe mmoja alisema hajawahi kuona sendofu yenye watu wa maana kiasi kile. Mama Brenda hakumsikia. Bado alikuwa kwenye simu.

Jumapili, 8 Juni

Shangazi amerudi, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Alikwenda moja kwa moja msibani, akakaa mkekani. Makene alikuwa ameshavuka alfajiri, amekaa karibu na mama yake. Mchana matanga yakaanuliwa.

Jioni Shangazi alituita mbele ya stoo. Alisema amesikia maneno. Mengine ya kumfanya mtu ahame mji. Lakini lingine lilimliza jicho ambalo daktari amelikataza kulia: Tuse, ulimkalia mtu gari akamzike baba yake. Hilo Clement hakuliwaza, akasema, na mimi nisingeliwaza.

Nikanyoosha mkono.

Ufunguo akampa Clement.

Akasema: Tuse mwanangu, viti unavijua mpaka namba. Watu bado. Kuanzia leo kila penye msiba tulipopeleka turubai, wewe utakaa pale siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Utapika, utaosha, utalia nao. Na daftari litabaki nyumbani. Alirudia mara mbili hilo la daftari.

Clement hakucheka. Alinikabidhi guta nilisukume kidogo, kama vile ni mimi nimemsaidia. Nimelia nyuma ya stoo mpaka kanga ikalowa. Nilikuwa nautaka ule ufunguo kuliko nilivyoitaka shahada.

Jumanne, 10 Juni

Nimetafakari siku mbili. Nimegundua kwamba hii ni kupandishwa cheo.

Clement ni mtunza stoo. Mimi ndiye Mkuu wa Kitengo cha Misiba. Na Shangazi amekataza daftari msibani. Kabla ya msiba hakusema chochote. Nimeyapitia maneno yake yote, sijaona katazo.

Maana kosa letu wiki ile halikuwa matawi wala sahihi. Kosa lilikuwa taarifa! Mzee Zabron alitushtukiza. Nimefungua daftari jipya: Makadirio ya Misiba, Miezi Sita. Wazee wote wa mtaa wenye miaka sabini na mitano kwenda juu. Umri. Kikohozi. Hamu ya chakula. Mtoto wa kwanza yuko wapi, na je, ni dereva wa lori? Nimepata majina ishirini na matatu.

Leo nimeanza na Bibi Gwantwa. Nimempelekea kilo ya sukari. Nimemuuliza habari za usingizi, za magoti, za kifua. Kisha, kwa uangalifu mkubwa, nikamuuliza anaionaje Agosti.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, mjukuu wangu, watu walianza kuniulizia siku yangu nikiwa na miaka hamsini. Wote nimewazika, na wawili walikuwa wasomi kama wewe. Akaniambia nimchemshie chai, aijaribu hiyo sukari. Akanywa vikombe vitatu. Hana kikohozi hata kidogo.

Nimemwandikia Septemba mwishoni. Oktoba haiwezekani, tuna harusi mbili.